Ekaristi juu ya bodaboda

Likizo ya frateri, yaani mwanafunzi wa upadre, si ya kulala. Nikishuka Kigoma kwa treni kutoka Tabora na kufika kwetu Kasulu, paroko huwa ameshanipangia kazi, na tangu nipewe utumishi wa altare, huduma ya kumsaidia padre altareni, kazi imeongezeka: kupeleka Komunyo, mkate wa Misa tunaoamini ni Mwili wa Kristo, kwa wagonjwa wa vigango vya mbali, yale makanisa madogo ya parokia. Sheria ya Kanisa inamruhusu mtumishi wa altare kuigawa kama mgawaji asiye wa kawaida, na paroko wetu ana vigango vingi kuliko Jumapili za mwezi.

Kule Kipalapala, seminari yetu karibu na Tabora, Ekaristi tumeisoma kwa mpangilio: Mtakatifu Yustino akieleza Misa ya Jumapili katika karne ya 2, mwanateolojia Tomaso wa Akwino, kisha mikutano mikuu ya maaskofu: Mtaguso wa Trento mwaka 1551, Vatikano II. Tomaso nilimpenda mno, mpaka wenzangu wakanichoka mezani. Kanuni ya 246 ya Sheria ya Kanisa inataka adhimisho la Ekaristi liwe kitovu cha maisha yote ya seminari, nasi tunaiishi kwa kengele: sala ya Masifu ya asubuhi, Misa, chai, darasa. Sina ugomvi na kengele. Ila mtu aliyewekewa Misa kabla ya chai kila siku ya Mungu hawezi kujua kuikosa kukoje, na hilo hakuna mhadhara wa kulifundisha.

Maagizo ya Roma ya mwaka 2004 yanasema anayempelekea mgonjwa Komunyo aende moja kwa moja, aweke kando shughuli nyingine zote. Walioyaandika hawakupanda na bodaboda wangu. Kijana alisimama kununua petroli ya chupa, akasimama kudai deni lake, akafungulia redio. Mimi nimeshika kifua, kifuko cha Komunyo kikiwa ndani ya koti. Mwishowe nikamwambia nimebeba nini. Yeye ni Mwislamu. Alizima redio, na kuanzia pale hata mashimo aliyakwepa kama amebeba mayai.

Tulifika saa tano. Bibi niliyeendea ana miaka themanini na kitu, miguu imegoma. Mkwewe alinipokea mlangoni kwa kunong'ona: "Frateri, tangu jana usiku hajatia kitu mdomoni. Hata dawa ya presha kakataa."

Hapo nilijiona mtaalamu. Kanuni ya 919: kufunga ni saa moja kabla ya kukomunika, na wazee, wagonjwa na wanaowauguza hata hiyo saa moja haiwabani. Nikaketi kwenye kigoda nikamweleza Bibi kwamba ile sheria ya kufunga tangu usiku wa manane, aliyofundishwa akiwa msichana, Papa Pius XII alianza kuilegeza mwaka 1953, mwaka 1957 zikawa saa tatu, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaifanya saa moja.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Haya, mwanangu. Hao wakubwa wanakomunika kila siku. Mimi Mgeni huyu ananijia mara moja kwa miezi. Nimtangulizie uji?"

Nilipekua kichwani madaftari yote ya miaka mitatu. Hakuna kitu. Tukasali Baba Yetu, akapokea, akafumba macho muda mrefu hivi kwamba mkwewe akanitazama kwa wasiwasi.

Bado nasema Bibi anakosea kwenye dawa. Mtu wa presha hakai na njaa hadi saa tano, na Kanisa halimwombi hivyo. Lakini sikutaka kumshinda kwa tarehe za mapapa. Kwa hiyo mimi na mkwewe tumepanga kimyakimya: zamu yangu ikifika, nyumba ya kwanza ni ya Bibi, saa moja asubuhi, wagonjwa wengine baadaye. Uji unakuwa tayari kwenye chupa, dawa pembeni, nami siondoki mpaka ameshika kikombe. Bodaboda tumemwambia aje na tanki limejaa.