Shimbwe Juu, kwa ng'ombe asiyekwenda malishoni

Basi la kutoka Shinyanga mpaka Moshi silielezi. Viti vyake ni vya watu wembamba, na mimi si mwembamba. Naanzia Moshi mjini, bodaboda aliponitajia elfu kumi kunipandisha Shimbwe Juu, kule Uru. Nikalipa. Nilipofika wenyeji wakanicheka. Wao hulipa nusu. Baridi ya kule hakunitajia kabisa.

Nilikwenda kwa baba wa rafiki yangu niliyesoma naye. Tulipita kijinjia chenye ua wa masale, nikamwuliza mzee shamba liko umbali gani.

"Umeshalivuka nusu, mwanangu."

Mimi nilijua tunakatiza msitu! Kwetu Usukumani shamba unaliona lote ukiwa umesimama mlangoni. Hapa juu kuna miringaringa na migrivea, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maharage. Viazi vikuu vimepanda mti. Hicho ndicho kihamba, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliuingiza ukulima huu wa Shimbwe Juu katika urithi wa kilimo duniani mwaka 2011. Mzee alinionyesha msesewe, ambao gome lake ndilo linaloipa mbege, pombe yao ya ndizi, ule uchungu. Niliionja jioni. Wanaoipenda waendelee.

Kilichonimaliza ni ng'ombe. Yuko bandani nyuma ya nyumba, mnene, anang'aa. Mzee aliangusha mgomba uliokwisha kuvunwa, akaukatakata kwa panga, maji yakichuruzika mpaka kwenye viwiko. Ng'ombe akautafuna kama mtoto aliyepewa muwa.

"Anatoka saa ngapi kwenda malishoni?"

"Kwenda wapi?"

Hajawahi kutoka. Majani mengine hukatwa kandokando ya mfongo, yaani mfereji wa maji wa kienyeji, na mabua ya mahindi hupandishwa kutoka tambarare. Mama, aliyekuwa akimenya ndizi za mtori, alidakia bila kuinua kichwa: "Mfugaji ni yeye. Mbebaji ni mimi."

Mzee akaniuliza baba yangu ana ng'ombe wangapi. Nikataja, kifua mbele.

"Na samadi yao mnaipeleka wapi?"

Nyingine ipo zizini miaka, nyingine inabaki njiani. Yeye huzoa kila asubuhi, akaimwage kwenye mashina ya migomba, na mgomba humrudia ng'ombe. Sikuwa na jibu, nikahamia kwenye ngitili: nikamweleza jinsi tunavyofunga eneo la malisho miti ichipue yenyewe, na jinsi mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986 ulivyozirudisha ngitili baada ya Shinyanga kubaki kipara. Akasikiliza vizuri, kisha akauliza eneo hilo ni kubwa kiasi gani. Nilipomwambia, akacheka mpaka akakohoa. Kihamba chake alikirithi kwa baba yake, na ana wana wa kiume wanne. Wawili wako Dar es Salaam na hawaulizii. Wawili wanaulizia sana.

Usiku nilimpigia baba. Nikamsimulia miti, kahawa, mbege, akaitikia tu. Nilipofika kwa ng'ombe akanikatiza.

"Kafungiwa kwa kosa gani?"

Nikaanza kueleza habari za samadi. Akaniambia nisimalizie salio langu kwa mambo ya mavi, niseme lini narudi, maana kuna mtu wa mnada anakuja.