Jembe nililishika nikiwa na miaka 60

Nilistaafu baada ya miaka mingi ya kukaa masijala, kazi yangu mafaili na mihuri. Nikarudi Newala kwenye mikorosho aliyoiacha mama. Siku ya kwanza ya palizi nililima kama mtu anayedaiwa ripoti, toka saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana, mgongo haujanyooka. Jioni nilishindwa kufunga vifungo vya shati. Malengelenge yalikuwa yamepasuka yote.

Jirani yangu, mama mmoja anayenizidi umri, alikuja kunipa pole. Aliponiona nilivyoshika mpini akacheka. "Mdogo wangu, unalibana utadhani litakimbia!" Akanionyesha: likipanda lilegezee, likitua ndipo ulikaze, uzito wa chuma chenyewe ndio ulime. Mkono wa kulia ukichoka, wa kushoto utangulie. Hilo la kubadili mkono lilinitesa wiki mbili, jembe linapita kando ya majani na watoto wa shule wanapata cha kuchekea. Nikaacha pia kushindana na jua: saa 3 narudi kivulini, saa 10 jioni naingia tena.

Salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ilinishinda, nakiri. Hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umelala, ili vumbi lishike maua yasiliwe na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Mashine yenyewe inabebwa mgongoni, injini inanguruma sikioni. Nilimaliza miti sita, magoti yakaanza kutetemeka. Nikamlipa kijana. Mimi nikawa napima salfa na kuandika kwenye daftari mti upi umepulizwa lini (masijala haijanitoka).

Oktoba korosho zikaanza kudondoka. Kuokota kwa kuinama sikuweza, nusu saa tu nainuka nimeshika kiuno kama mjamzito. Basi nikafagia vizuri chini ya miti, nikawa nazikusanya kwa reki, halafu naketi kwenye kigoda kunyofoa korosho kwenye mabibo, yaani matunda yake, moja moja.

Nilipopeleka magunia chama cha msingi cha ushirika, karani akanipa kitabu nisaini. Kidole gumba kilikuwa kimeota sugu palepale inapokaa kalamu. Saini ikatoka imepinda, nikaifuta, nikaanza upya. Yule binti akanisogezea kidau cha wino kwa upole.

"Usihangaike, mzee. Weka dole gumba tu."