Siku moja gerejini Mwanga: bolti za M10 zisizoelewana

Saa 1 asubuhi. Gereji yetu iko Mwanga, Kigoma, na anayewahi ndiye anayefagia. Leo nimewahi. Oili, mnyororo, breki za nyuma: kazi za kawaida, hazina stori.

Saa 3. Boda wa Kibirizi anaisukuma pikipiki hadi mlangoni. "Fundi, injini inacheza." Bolti moja ya kuishikilia kwenye fremu imedondoka njiani. Ameshanunua nyingine, muuzaji kamwambia ni M10, na kweli ni M10. Naizungusha kwa vidole: inaingia mizunguko miwili, inagoma. Jamaa anataka nichukue spana ndefu.

"Tulia kaka. M10 ni unene tu, milimita 10. Haikwambii nafasi ya uzi."

Pikipiki yake, kama nyingi za muundo wa Kijapani, inatumia M10 ya 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka jino hadi jino. Aliyoleta ni 1.5, ndiyo iliyojaa madukani. Ukiilazimisha, unachana uzi wa fremu, na hapo bolti ya bei ndogo imekuletea kazi ya kuchomelea.

Namfungulia bolti nzima ya upande wa pili, nazilaza zote mbili jino kwa jino, nazielekeza juani. Uzi ukiwa mmoja zinashikana, mwanga haupiti. Hizi zinapishana. Geji ya uzi sina, lakini rula ipo: nafasi kumi za 1.25 ni milimita 12.5, za 1.5 ni 15. Ameona mwenyewe.

Saa 5. Sokoni, ndoo ya bolti mchanganyiko. Usiombe "bolti ya 14", hiyo ni saizi ya spana. M10 moja ina kichwa cha 14, nyingine cha 17. Nimekwenda na sampuli. Kwenye kichwa cha bolti natafuta 8.8 au 10.9, namba za uimara wa chuma. Isiyo na namba nawaachia wachomelea mageti.

Saa 8. Kava la klachi, tundu la M6 limeliwa. Mtu amekaza bolti inayoingia kwenye aluminiamu kama nati ya lori! Mwenzangu anataka tupanue tuweke M8. Nakataa, ukuta wa tundu ni mwembamba. Natoboa, nakata uzi mpya kwa tepu, nazungushia ndani koili ya uzi (waya uliosokotwa unaokuwa uzi mpya wa tundu), na M6 ileile ya 1.0 inarudi. Nakaza kwa spana fupi.

Saa 11. Boda anauliza mbona ufundi umezidi bei ya bolti. Tunapatana. Apite kesho tuikaze bolti tena.