Venye nilirekodi nyatiti ya Jaduong' nyumbani Nyalenda, na programu tatu nilizopitia

Kama hujawahi kukaa karibu na mtu anapiga nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo, kitu ya kwanza kukugusa sio nyuzi, ni mguu. Jaduong', yaani mzee wetu, anakaa kwa kile kiti kifupi, amelaza nyatiti ubavu, kwa kidole gumba cha mguu amevaa pete nzito ya chuma inaitwa oduong'o na anaigonga kwa ukingo wa nyatiti, na kwa huo huo mguu amefunga gara, njuga za chuma, zinalia pamoja na pete. Alafu nyuzi 8 zinaingia juu ya mguu, alafu anaanza kuimba. Ni mtu mmoja lakini ukifumba macho utaapa wako watatu.

Huyu mzee ni ndugu mdogo wa babu yangu, anaishi Alego. Mwaka jana mwezi wa nane alikuja Kisumu juu ya kliniki ya macho, akakaa kwetu Nyalenda siku 9, nikaamua harudi nyumbani kabla sijamrekodi vile inafaa, kwa sababu rekodi zote tuko nazo ni za simu, za matanga, na kwa kila moja kuna jenereta inanguruma nyuma yake. Inaniuma sana nikifikiria mtu kama huyu aondoke na kitu tumebaki nacho ni jenereta.

Vifaa havikuwa vingi. Laptopu ya mitumba ya RAM GB 4, saunkadi ya nje ya Scarlett 2i2 niliyouziwa na jamaa aliyekuwa anahama, maiki moja ya kondensa ya kwangu na ingine nimeazima kanisani, na hiyo saunkadi ina zile volti 48 za kuwasha kondensa zote mbili kwa hivyo hapo nilikuwa sawa. Maiki moja nikaielekeza kwa nyuzi, ingine chini kabisa karibu na pete. Godoro kwa dirisha. Tulirekodi saa nne asubuhi, watoto wako shule na mvua ya jioni bado, kwa sababu nyumba ni ya mabati na mvua ikianza hapo hakuna maiki ya kukuokoa.

Nilianza na FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, kwa sababu ndio najua. Ilitoka Ubelgiji 1997 ikiitwa FruityLoops, na mwanzoni ilikuwa mashine ya ngoma tu ya chaneli 4, na hadi leo ukiifungua hiyo damu unaiona: viboksi 16 kwa laini, unabonyeza hapa kiki, pale sneya, dakika tano uko na biti. Kwa biti sijaona ya kuishinda na bado naitumia, na ukinunua mara moja matoleo yanayokuja unapewa bure maisha yako yote, hiyo ni heshima kubwa kwa mteja. Ila ujue mambo mawili kabla ya kuanza, na wenyewe wameyaandika wazi: toleo la kujaribu linasevu kazi lakini huwezi kuifungua tena mpaka ulipie, na toleo la bei ya chini kabisa, lile Fruity, halina kurekodi sauti ya maiki ndani ya pleilisti, inabidi upande hadi Producer. Mimi nilitumia laptopu ya rafiki yangu prodyusa ambaye amelipia.

Shida haikuwa hapo. Nilimwekea Jaduong' hedifoni, nikawasha metronomu, ile tik tik ya kuhesabu mapigo, nikamwomba aanze. Akapiga kidogo, akasimama, akatoa hedifoni polepole akaniuliza, “Nyathina (mtoto wangu), huyu anayegonga ndani ni nani? Mwambie anisikilize mimi.”

Nilikosa jibu. Miaka yote nimefanya muziki nikijua mpigaji ndio anafuata mashine.

Tukarekodi bila metronomu, nikasema nitapanga baadaye. Usiku nikakata mapigo ya pete moja moja nikayavuta kwa gridi, ile mistari ya mapigo ya programu, yakae sawasawa. Ngoma ikafa. Nilizumu nikapima, kumbe pete yake haigongi pamoja na uzi, inachelewa kidogo, kama milisekunde 30 hivi, na ndani ya hako kapengo ndio uzi unapata nafasi ya kusikika kabla gara hazijalia. Ukivuta vyote kwa mstari mmoja gara zinameza uzi, inabaki kelele ya vyuma. Nikarudisha kila kitu vile kilikuwa.

LMMS nilikaa nayo siku moja. Ni ya bure kabisa, nyepesi, kwa Linux na Windows zote inaenda, na kama unatunga kwa kibodi na sampo peke yake na huna pesa, ichukue bila wasiwasi. Lakini haikutengenezwa kwa kurekodi maiki, kwa hivyo nilikuwa narekodi kwa Audacity, programu ingine ya kurekodi, natoa faili, naingiza LMMS, nikitaka kurekebisha narudi Audacity tena, hadi nikachoka.

Sasa Reaper. Jamaa wa Kondele anarekodi kwaya ndiye alinisukuma. Faili ya kuinstoo ni ndogo haifiki MB 30, bando haikuumia. Unapewa siku 60 za kujaribu na kila kitu kiko wazi, na leseni ya mtu mdogo kama mimi ni dola 60, kwa dola ya sasa ni karibu elfu nane. Aliyeianzisha ni Justin Frankel, yule yule wa Winamp, na kama ulikuwa unaenda cyber zamani unajua Winamp ni nini kwa watu wa rika letu. Ukiifungua mara ya kwanza ni kavu, haina ngoma wala piano za maana zinazokuja nayo, saa mbili za kwanza nilitaka kuifuta nirudi FL.

Kilichonibakisha ni kitu kimoja, na ndio sababu naandika haya yote: Reaper unaweza kuilazimisha baa, yaani vile vipande vya kuhesabia mapigo, zifuate mtu. Jaduong' akapiga dakika 7 bila metronomu, macho amefunga. Mimi nikachukua kipigo cha mguu kuwa pigo, mapigo mawili kwa baa, kila pigo nikaligawa mara tatu kwa sababu nyuzi zinatembea kwa tatu wakati mguu unatembea kwa mbili. Alafu unachagua muda kutoka pete hii hadi pete ile, mimi nilikuwa nachukua baa 4 kwa mara moja, na kwa menyu ya Insert kuna amri ya kutengeneza baa kutoka kwa muda uliochagua, programu inapiga hesabu ya tempo (kasi) yenyewe inaweka marki, alama ya hiyo tempo. Unaendelea na kipande kinachofuata. Marki 90 na kitu, jioni mbili. Tahadhari: kabla hujaanza nenda kwa mipangilio ya projekti, pale Timebase, uweke “Time”, la sivyo kila ukibadilisha tempo klipu zako zitahama au zitavutika. Nilisahau hiyo jioni ya kwanza nikarudia marki 20 nzima.

Na unajifunza mtu kwa hizo marki. Alianza kwa mapigo 104 kwa dakika, ikapanda hadi 109, alafu akifika kwa pakruok, pale anajisifu na kutaja watu, inashuka 98 anapumua na maneno, na akirudi kwa nyuzi anakimbia. Hiyo si makosa ya tempo, ni wimbo wenyewe.

Baada ya hapo sasa sikwensa, sehemu ya kupanga noti kwa programu, inakuwa na kazi. Nikaongeza besi na kayamba kwa kibodi ya MIDI, ile inatuma noti kwa kompyuta badala ya sauti, na hata nikikwantaizi, yaani nikivuta noti kwa gridi, zinaenda kwa baa za Jaduong', sio baa zangu. Tena kwa MIDI Reaper inagawa pigo moja mara 960 ukiifungua tu, FL inaanza na 96 ingawa unaweza kuipandisha, na kwa mwendo wa 104 hiyo 96 ni kama milisekunde 6 kwa kila hatua. Kwa biti hutasikia. Kwa mtu ambaye utamu wake wote uko ndani ya milisekunde 30, mimi nilisikia.

Upande wa laptopu: bafa, ile akiba ya sauti kompyuta inashika kabla ya kuitoa, ikiwa 512 inakuchelewesha karibu milisekunde 12, ukibonyeza kibodi unahisi inavuta, kwa hivyo wakati wa kupiga nilishuka 128 na kuzima plagini zote, wakati wa kumiksi nikapanda 1024 isikwaruze. Ubora wa rekodi ni bit 24 na sampuli 44,100 kwa sekunde, kila traki ni kama MB 8 kwa dakika, hata diski ndogo inatosha.

Wimbo wa kwanza ulipoisha Jaduong' alikuwa amesharudi Alego. Nikautuma kwa WhatsApp ya binamu yangu, akamwekea na spika ndogo. Kesho yake mzee akapiga simu, akashukuru, akauliza nyumbani tuko aje, alafu akasema, “Lakini kule mwisho mbona mguu wangu umechoka? Mimi sikuchoka.”

Nikafungua projekti. Kweli, kwa pakruok nilikuwa nimeshusha traki ya mguu desibeli 2 ndio maneno yasikike, na sikuirudisha juu nyuzi zilipoingia tena. Nikairudisha, nikatuma tena usiku huo huo. Zimebaki nyimbo nne.