Daftari la Kwaya Tatu

Barua ya ajira niliipokea Ijumaa ya wiki ya Nane Nane, tarehe 12 Agosti 2016, katika ofisi ya kampuni moja ya bima iliyoko Posta, Dar es Salaam, ambayo nilikuwa wakala wake kwa miaka minne. Walitaka niwe ofisa wa madai kwa mshahara wa shilingi 650,000, na jibu langu lilitakiwa liwe limefika Jumatatu saa tatu asubuhi. Kifungu cha mwisho kilisema kwamba mwajiriwa haruhusiwi kuendelea na uwakala. Nilikuwa na umri wa miaka 29, nina miezi saba tangu niolewe, na uwakala ndio uliokuwa umenilisha na kumlipia ada mdogo wangu, kwa hiyo niliisoma barua ile mara nne ndani ya daladala la Mwenge kabla sijashuka.

Usiku uleule nilipiga hesabu, mume wangu akishika simu yenye kikokotoo nami nikiandika. Katika 650,000, asilimia 10 ingekwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 65,000. Asilimia 3 ingekwenda bima ya afya, yaani 19,500. Na kodi ya mshahara, baada ya kuondoa mchango wa NSSF, ilikuwa 64,350. Mkononi zingebaki 501,150. Upande wa uwakala, bima ndogo ya gari binafsi, ile ya kumfidia mtu mwingine uliyemgonga, ilikuwa 100,000, ambayo mteja aliilipia 118,000 pamoja na VAT, na kamisheni yangu ilikuwa asilimia 12.5, yaani 12,500 kwa kila stika, kwa maana ya kila bima ndogo niliyoikata. Stika 40 kwa mwezi zilinipa 500,000. Nilipobahatika kukata bima kubwa, inayolifidia na gari lenyewe la mteja, tuseme ya gari la shilingi milioni 12 kwa kiwango cha asilimia 3.5, mteja huyo mmoja aliniachia 52,500. Tulitazamana. Kwa mwezi wa kawaida, mizani ilikuwa imelala sawasawa kabisa.

Lakini miezi ya wakala haifanani. Julai nilikuwa nimeingiza 740,000, na Mei, 310,000, nayo kodi ya nyumba ilikuwa ileile Mei na Julai. Isitoshe, kutoka katika hizo za uwakala nilitoa nauli, vocha na chakula cha njiani, wakati kule kwenye ajira mwajiri angeweka 65,000 nyingine NSSF juu ya zile zangu, ili kila mwezi ziingie 130,000 kwa jina langu. Nilijua pia kwamba ili mtu apate pensheni anahitaji michango ya miezi 180. Ningeanza mwezi ule, ningeifikisha nikiwa na miaka 44.

Kilichonizuia kulala, hata hivyo, kilikuwa daftari. Lilikuwa kaunta buku nene, ya kwaya tatu, jalada lake nimelifunika kwa nailoni, na kurasa nilizipanga kwa tarehe ya bima kuisha badala ya majina, kwa sababu tarehe ndiyo inayomrudisha mteja. Ndani yake mlikuwa na watu 213. Kila mmoja nilimpata kwa miguu yangu, kwenye maegesho ya teksi, gereji na misiba, na kando ya kila mmoja niliandika maneno machache: huyu hulipa kwa mafungu kabla ya tarehe, huyu apigiwe mkewe, huyu alipata ajali pale Morocco, Kinondoni, nikashinda naye kituoni mpaka saa mbili usiku akisubiri ripoti ya polisi. Niliamini kwamba daftari lile lilikuwa mali yangu kama shamba, na kwamba kusaini ile barua kulikuwa sawa na kuliuza shamba kwa bei ya mshahara.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Sinza kwa dada mmoja, wakala mwenzangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi. Nilimkuta anamnyonyesha mtoto wa miezi mitano. Nilimwamkia, nikamweleza kuhusu barua, nikamwambia pia ninavyolionea uchungu daftari. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nimletee lake kutoka juu ya kabati. Alijifungua kwa upasuaji na kukaa ndani karibu miezi mitatu, na kurasa za miezi hiyo zilikuwa zimejaa mistari ya kalamu nyekundu. Stika ya mteja ikiisha leo, kesho trafiki anamsimamisha barabarani, na sheria inamlazimu awe na bima. Hawezi kumngoja wakala aliyelala kitandani na kidonda. Wateja wake walikwenda kwa mawakala wengine, na wengi hawakurudi. Gharama za hospitali alizilipa taslimu, kwa mkopo wa kikoba.

“Mdogo wangu,” aliniambia, “wateja ni wako ukiwa barabarani. Ukilala, ni wa aliye barabarani.”

Hapo ndipo hesabu yangu ya usiku ilipobadilika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 28 za likizo ya mwaka, na akiugua, siku 63 za mshahara kamili na nyingine 63 za nusu mshahara. Siku hizo sikuwa nimeziandika popote kwenye karatasi yangu, ingawa ndizo zilizokuwa tofauti kubwa kati ya 500,000 zile na 501,150 hizi. Jioni nilipita Tabata kwa mama, mwalimu mstaafu, naye hakuongeza mengi: “Mwanangu, mshahara hata ukiwa mdogo una tarehe yake.”

Ninawaheshimu mawakala waliobaki, na kwa mtu mwenye wateja wa bima kubwa za viwanda na maghala nisingethubutu kumshauri aache. Mimi niliishi kwa stika moja moja, tena nilitaka kuzaa.

Jumapili baada ya kanisa nilirudi Sinza na daftari langu ndani ya mfuko wa kitenge. Dada alitaka tugawane kamisheni za mwaka wa kwanza. Nilikataa, nikamwomba tu asimpoteze yule mzee wa Noah nyeupe, mteja wangu wa kwanza. Alimlaza mtoto, akafungua ukurasa wa Agosti, akapitisha kidole chake taratibu kutoka juu hadi chini.

“Huyu wa tarehe 29 nimpigie asubuhi au jioni?”

“Asubuhi, dada. Kabla hajatoka kwenda Kariakoo.”