Samaki, sumu na "advice" yangu

Shule nilisoma kwa Kifaransa, hapa hapa Goma. Kiingereza nilikiokota baadaye kazini, kwenye shirika linaloandika ripoti zake kwa lugha hiyo. Kila barua niliifunga kwa "Thank you for your advise", nikajiona nimeandika vizuri. Ilichukua karibu mwaka mzima hadi mkubwa wangu, yaya mmoja mpole (kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa), aliponirudishia ripoti akiwa amelizungushia neno hilo kalamu nyekundu mara nne. "Mdogo wangu, unatoa shukrani kwa ushauri au kwa kushauri?"

Nikakariri: "advice" yenye c ni nomino, "advise" yenye s ni kitenzi. Jumatatu ninajua, Alhamisi nimegeuza.

Kilichonitoa ni sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Mama alikuwa anazikaanga, mdogo wangu akisoma kwa sauti somo lake la Kifaransa. Alitaka kusema poisson, yaani samaki, akasema: "Le poison est dans l'assiette." Mama akaacha mwiko. "Sumu iko kwa sahani? Nani aliiweka?"

Tulicheka sana, halafu mimi nikanyamaza. Kwa Kifaransa, s moja kati ya vokali mbili husomwa z. Na "advise" je? Ni s moja, vokali huku na huku: advaizi! "Advice" nayo ina c mbele ya e, kama "glace": advaisi. Kumbe kanuni nilikuwa nayo tangu shule ya msingi, ila maneno yote mawili nilikuwa nayatamka advaisi. Sikio lingenisaidiaje?

Sasa kabla ya kuandika nanong'ona kwanza (wenzangu wanadhani nasali). Ikitoka z, ni kitenzi. Hata "use", "excuse" na "house" hufanya hivyo, ingawa herufi hazibadiliki: s kwenye nomino, z kwenye kitenzi.

"Practice" na "practise" hapo sikio halina kazi, yanatamkwa sawa. Waingereza huyatenganisha kwa maandishi tu. Wamarekani huandika c kote. Mimi naiga "advice", c kwa nomino, naendelea.

Limebaki la "advices". Kifaransa kina "des conseils", ushauri kwa wingi, basi mkono unataka kuongeza s. Hapo Kifaransa nakiacha, nafuata Kiswahili: ukishauriwa na watu kumi, bado ni ushauri. Wiki iliyopita yaya alinikamata na "advices" moja tena, ukurasa wa kwanza.