Umerudi Dodoma? Toa taarifa, usiombe kibali

Tuliorudi Dodoma baada ya miaka mingi tumekuta mji umekuwa jiji tangu Aprili 2018, wizara zimehamia Mtumba na watu wanashuka treni ya umeme. Swali moja tumelikuta palepale: je, polisi wanavipima vyama vyote kwa kipimo kimoja? Mikutano ya hadhara iliyozuiwa 2016 ilifunguliwa Januari 2023. Manung'uniko hayajaisha, na mengi yanakwama kwenye karatasi.

Kosa huanzia kwenye kichwa cha barua ya chama kwa polisi: "Yah: Maombi ya kibali." Hakuna kibali hapo. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, kinataka taarifa ya maandishi, si chini ya saa 48 kabla, yenye mahali, saa na madhumuni. Basi andika "Yah: Taarifa ya mkutano wa hadhara" na umpelekee OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), si mtendaji wa kata. Chapa nakala mbili. Ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa, na pembeni iandikwe saa kwa kalamu. Saa ndiyo husahaulika, na ndiyo hubishaniwa: barua iliyopokelewa Alhamisi saa tisa alasiri haitoshi kwa mkutano wa Jumamosi saa nane mchana.

Zuio likija kwa simu, dai liandikwe. "Taarifa za kiintelijensia" ni maneno yanayoweza kumzuia yeyote, ilhali ofisa anatakiwa aridhike kwamba amani au usalama wa umma utavurugika. Barua hiyo ndiyo utakayokatia rufaa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Ukienda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora kulalamikia upendeleo, beba jozi: uwanja uleule, wiki ileile, chama kingine kimeachwa kikafanya. Bila jozi unasikilizwa tu, unaondoka.

Askari mwenyewe amebanwa na Katiba: ibara ya 147 inamkataza kujiunga na chama, ingawa anapiga kura. Tatizo, kwa maoni yetu, liko ngazi ya juu yake. Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, ni mjumbe wa kamati ya siasa ya chama tawala wilayani, anaweza kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama. OCD aliyeacha wapinzani wafanye mkutano wao Jumamosi, kikao kijacho cha kamati hiyo anakaa naye meza moja.